Mbwa Mchanga Abadilishapo Meno

Katika mashamba ya Kitale na katika vijiji vya Bungoma, nyumba nyingi zina mbwa. Mbwa ndiye mlinzi wa ghala la mahindi wakati wa usiku, ndiye awafuataye watoto waendapo malishoni, na ndiye wa kwanza kupiga kelele mtu asiyejulikana aingiapo uani. Hata hivyo wako watu wengi wanaotegemea meno ya mbwa kwa ulinzi wao, lakini hawajui meno hayo huota namna gani, wala hawajui kwamba mbwa, kama mtoto wa binadamu, hupoteza meno yake ya utotoni na kupata mengine.

Kutokujua huko huleta hasara mbili. Ya kwanza ni kwamba mbwa mchanga hupigwa bure kwa kosa la kutafuna kiatu au kamba ya mbuzi, hali ana maumivu kinywani. Hasara ya pili ni kubwa zaidi. Mbwa mwenye ugonjwa wa kuua huweza kuachwa acheze na watoto, kwa sababu wenye nyumba wameuona udenda ukimtoka na kudhani kwamba anaota meno tu. Yafaa basi kila mwenye mbwa ayajue mambo ya meno vizuri, ili apate kumsaidia mnyama wake, na ili aweze kutambua upesi jambo ambalo si la meno.

MENO 28, KISHA MENO 42

Mtoto wa mbwa huzaliwa kibogoyo. Katika wiki ya tatu au ya nne meno ya kwanza huanza kutoboa ufizi, na afikapo wiki ya nane hivi huwa anayo yote. Jumla yake ni 28: meno ya mbele 12, chonge 4, na magego madogo 12. Meno haya ni membamba na makali kama sindano. Ukali wake ndio umfanyao mama aanze kuwakimbia watoto wanapotaka kunyonya, na hivyo huwa mwanzo wa kuwaachisha ziwa.

Meno hayo hayakai muda mrefu. Tangu mwezi wa tatu au wa nne meno ya mbele huanza kulegea na kung'oka. Chonge hufuata kati ya mwezi wa nne na wa sita. Kisha magego makubwa ya nyuma kabisa, ambayo hayakuwa na mengine ya utotoni mahali pake, huota kati ya mwezi wa tano na wa saba. Mbwa afikapo miezi saba hivi huwa na meno yake yote ya utu uzima, nayo ni 42: 20 katika taya la juu na 22 katika taya la chini.

Mfugaji wa ng'ombe hataona ajabu katika habari hii. Mnunuzi ajuaye kazi yake, akiwa katika mnada wa ng'ombe, humfungua ng'ombe kinywa kabla ya kutoa fedha, kwa kuwa meno humwambia umri. Lakini ng'ombe hungoja mpaka karibu miaka miwili kabla ya kubadilisha meno mawili ya kwanza, kisha huendelea polepole jozi baada ya jozi. Mtoto wa binadamu naye huanza apatapo miaka sita hivi, akachukua miaka mingi kumaliza. Mbwa huifanya kazi hiyo yote kwa muda wa miezi minne tu. Si ajabu kwamba katika miezi hiyo minne hatulii.

JINO HUNG'OKAJE?

Watu wengine hudhani kwamba jino jipya hulisukuma la zamani likatoka, kama mtu amsukumavyo mwenzake mlangoni. Sivyo hasa. Jino jipya likuapo ndani ya taya hukaribia mzizi wa jino la utotoni, na mwili wenyewe huuyeyusha mzizi ule kidogo kidogo. Mwishowe hubaki kichwa cha jino tu, kimeshikwa na ufizi. Ndipo mbwa atafunapo kitu, au achezapo na nduguze, kile kichwa huanguka.

Kwa sababu hiyo mwenye mbwa huweza kufagia uwanja kila siku asione jino hata moja. Mara nyingi mbwa huyameza pamoja na chakula, na hayamdhuru. Dalili zionekanazo ni nyingine. Huenda pakawa na doa la damu juu ya kitu alichokuwa akitafuna. Fizi huwa nyekundu na kuvimba kidogo. Pumzi yake huwa na harufu. Udenda humtoka kuliko kawaida, naye huweza kula polepole kwa siku moja au mbili. Zaidi ya yote, hutafuna kila akipatacho: mguu wa kiti, mpini wa jembe, kiatu, nguo iliyoanikwa chini, hata kona ya mlango. Hutafuna kwa kuwa kubana kitu kwa meno hupunguza maumivu ya ufizi. Hakusudii kumharibia bwana wake mali.

NAMNA YA KUMSAIDIA

Msaada wenyewe hauhitaji fedha nyingi. Jambo la kwanza ni kumpa kitu chake mwenyewe cha kutafuna. Tambara safi la nguo nzito, likafungwa fundo na kuloweshwa katika maji ya baridi ya mtungini, humfaa sana, maana baridi hutuliza ufizi. Lioshwe kila siku, na likianza kuchanika litupwe, asije akameza nyuzi. Kamba nene ya katani iliyofungwa mafundo ni nzuri pia, kwa sharti hilo hilo. Karoti nzima na nene, iliyooshwa vizuri, hufaa vilevile, ila mtu amwangalie anapoitafuna, asije akakabwa na kipande kikubwa.

Kipimo cha kitu kinachofaa ni ukucha. Kikibonyea kidogo mtu akikibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba, chafaa. Kikiwa kigumu kama jiwe au mfupa mkavu, chaweza kuvunja jino la utotoni, au hata jino jipya, na jino jipya likivunjika halioti tena.

Jambo la pili ni chakula. Katika siku ambazo fizi zimevimba, ugali ulainishwe kwa maziwa au mchuzi usio na chumvi nyingi wala vitunguu, kwa maana vitunguu ni sumu kwa mbwa. Maji safi yasikosekane. Mbwa mchanga huhitaji pia chakula cha kujenga mwili, kama vile maziwa, omena au nyama iliyopikwa. Akilishwa maganda na makombo ya ugali peke yake hudhoofika, na mifupa ya mataya na meno yake haipati ya kuijenga.

Jambo la tatu ni dawa ya minyoo, ambayo mtoto wa mbwa hupaswa kupewa mara kadhaa tangu angali akinyonya. Tumbo kubwa na manyoya yasiyong'aa si dalili za meno. Mara nyingi ni dalili za minyoo.

VITU VYA HATARI KATIKA UWANJA WA MKULIMA

Trans Nzoia na Bungoma ni nchi ya mahindi, na ni huko Kitale ambako mbegu ya kwanza ya mahindi chotara ya Kenya, iliyoitwa namba 611, ilitolewa kwa wakulima mwaka 1964. Basi mbwa mchanga wa huko hukulia katikati ya mahindi, na mahindi yenyewe huweza kumwua kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni gunzi. Mavuno yaanzapo mwezi wa Oktoba, na watu wakawa wanapukuchua uani mpaka mwaka mpya, magunzi hulala kila mahali. Mbwa aliyezaliwa mwezi wa Julai hubadilisha meno wakati huo huo. Gunzi humpendeza kwa kuwa si gumu sana, tena lina ladha ya mahindi. Lakini halisagiki tumboni. Kipande akimezacho huweza kukwama katika utumbo na kuziba njia yote. Mbwa hutapika, hukataa chakula, hakunyi, tumbo humwuma akiguswa, na kama hakupasuliwa na daktari wa mifugo upesi huweza kufa. Magunzi yakusanywe katika gunia au yawekwe jikoni kuwa kuni, yasiachwe chini.

Njia ya pili ni mbegu. Mbegu za kupanda, zile zilizopakwa rangi, zimetiwa dawa ya kuua wadudu na ukungu. Mfuko wake ukiachwa wazi mwezi wa Machi au Aprili, mbwa mwenye hamu ya kutafuna huuchana mara moja. Chupa ya dawa ya kupe, kopo la dawa ya magugu na sumu ya panya ni vivyo hivyo. Vitu hivi viwekwe juu, mahali penye mlango, na chupa tupu zisitupwe uani.

Mifupa ya kuku, na mifupa yoyote iliyopikwa, haifai. Moto huifanya ivunjike vipande vyenye ncha, navyo huweza kutoboa koo au utumbo.

Nyama mbichi za ndani zina hatari ya namna nyingine. Mapafu na maini ya mbuzi, kondoo au ng'ombe yakiwa na vifuko vya maji ndani yake, mbwa asipewe kamwe. Vifuko hivyo ni vya tegu mdogo akaaye katika utumbo wa mbwa. Mbwa akivila, mayai ya tegu hutoka katika choo chake, yakashika manyoya, yakafika katika mikono ya watoto na chakula chao, na mwisho vifuko vya namna hiyo hiyo vikamea katika ini la mtu. Ugonjwa huu uliwatesa sana watu wa Turkana, kaskazini ya Kitale, hata shirika la AMREF likaanzisha huko kazi ya kuupiga vita katika mwaka 1983. Vifuko hivyo vichomwe moto au vifukiwe shimoni kwa kina, mahali mbwa asipoweza kufukua.

Jambo jingine ni dawa. Vidonge vya maumivu vya binadamu visipewe mbwa. Parasetamoli na ibuprofeni, ambazo mtu huzimeza bila wasiwasi, huweza kuliharibu ini, figo au tumbo lake. Wala mfugaji asimchome sindano ya dawa iliyobaki baada ya kumtibu ng'ombe. Dawa za jamii ya tetrasaiklini, zitumikazo sana kwa ng'ombe, zikiingia katika mwili wa mbwa ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengeka, huyafanya meno hayo yatoke yakiwa ya manjano, na rangi hiyo haiondoki maisha yake yote. Tumbaku, mafuta ya taa na majivu visipakwe katika fizi. Haviponyi, bali huchoma.

JINO LISILOTAKA KUTOKA

Mara nyingine jino jipya huota, na la zamani bado limesimama kando yake. Hutokea hasa kwa chonge, na zaidi kwa mbwa wa aina ndogo. Kanuni yake ni rahisi: meno mawili ya namna moja hayapasi kukaa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Yakikaa pamoja chakula hukwama katikati, ufizi huoza, na jino jipya husukumwa upande hata likachoma kaakaa.

Basi mwenye mbwa na amfungue kinywa na kutazama mara moja kwa wiki, tangu mwezi wa tatu hata wa saba. Akiona chonge mbili zimesimama sambamba, asichukue koleo. Mzizi wa chonge ya utotoni ni mrefu kuliko sehemu ionekanayo, na mwembamba. Ukivutwa kwa nguvu hukatika ndani, na jino jipya huweza kuumizwa. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo, naye huifanya mbwa akiwa amelazwa usingizi kwa dawa.

Katika kutazama huko, mwenye mbwa huweza pia kuona meno mapya yenye mashimo na madoa. Mara nyingi hiyo ni alama ya ugonjwa uliompata utotoni, wakati meno yalipokuwa yakijengeka ndani ya taya. Ugonjwa uitwao distempa ni mmojawapo, nao una chanjo yake, ambayo huanza kutolewa mbwa akiwa na wiki sita hadi nane.

KUMFUNZA ASIUME

Mtoto wa mbwa hujifunza kuuma kwa kiasi kutoka kwa mama yake na ndugu zake. Akiuma sana, nduguye hulia na kuacha kucheza. Kwa hiyo haifai kumtenga na mama yake kabla ya wiki nane. Wengi huwachukua wakiwa na wiki nne au tano, nao hukua bila kuyapata mafunzo hayo.

Afikapo katika nyumba mpya, mafundisho yaendelee kwa njia ile ile. Akiuma mkono, mtu aondoe mkono polepole, anyamaze, aache mchezo, kisha ampe tambara lake. Akilitafuna tambara, asifiwe. Kumpiga kofi la pua au kumtia woga hakumfundishi kuacha kuuma. Humfundisha kuogopa mkono, na mbwa aogopaye mkono ndiye aumaye kwa hasira atakapokuwa mkubwa. Watoto waonywe wasimchokoze kwa vidole wala wasimvute mkia.

Katika miezi hii azoezwe pia kushikwa. Mtu amguse masikio, amwinue mguu, amfungue kinywa, amfunge kamba shingoni na kutembea naye kidogo. Mbwa aliyezoezwa hivyo hupelekwa kwenye chanjo bila vita. Wako mbwa wengi wakubwa wanaokosa chanjo kila mwaka kwa sababu tu hakuna mtu nyumbani awezaye kuwashika.

SI KILA UDENDA NI WA MENO

Hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko yote. Mbwa anayebadilisha meno hutoka udenda, hutafuna mti, na huenda akakataa chakula. Mbwa mwenye kichaa cha mbwa naye hutoka udenda, huuma miti, na hukataa chakula. Mtu asiyejua tofauti humshika yule mgonjwa, akamfungua kinywa kwa mikono mitupu atafute jino lililokwama au mfupa uliomkaba, na mate yenye ugonjwa yakaingia katika mikwaruzo ya vidole vyake. Watu wameupata ugonjwa huu kwa njia hiyo.

Tofauti zenyewe ni hizi. Mbwa anayeota meno hubaki na tabia yake. Humjua bwana wake, hucheza, hunywa maji, na hutafuna kwa utulivu, amelala chini na kukishika kitu kwa miguu ya mbele. Mwenye kichaa hubadilika. Aliyekuwa mpole huwa mkali, na aliyekuwa mkali huenda akawa mpole kupita kiasi. Hujificha gizani, au huondoka nyumbani na kutangatanga. Huuma mawe, miti na hata hewa, bila kuchokozwa. Sauti yake hubadilika. Taya la chini hulegea na kuning'inia, asiweze kumeza hata maji, na miguu ya nyuma huanza kuyumba. Tangu dalili hizo kuanza, huwa amekufa katika muda wa siku 10.

Umri nao ni shahidi. Mbwa wa miaka miwili, au wa miaka sita, habadilishi meno. Udenda wa ghafula katika mbwa wa umri huo una sababu nyingine. Lakini kwa mbwa wa miezi minne umri hautoshi kuwa dhamana, maana mbwa mchanga huugua kichaa kama mkubwa. Akiwa hakuchanjwa, na tabia yake imebadilika, asishikwe. Afungiwe mahali peke yake bila kuguswa, na afisa wa mifugo aitwe. Akifa, asichunwe wala asitupwe porini. Maafisa wa mifugo ndio wajuao namna ya kuchukua kichwa chake na kukipeleka kupimwa katika maabara, kama ile ya Kabete.

MTU AKIUMWA NA MBWA MCHANGA

Jeraha la jino la mbwa mchanga ni dogo, kama alama ya sindano, na kwa hiyo hudharauliwa. Udogo wake si salama. Ugonjwa wa kichaa hukaa katika mate, nao huingia kwa kuumwa, kwa kukwaruzwa, au kwa kulambwa mahali penye kidonda. Huenda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka katika ubongo, mara nyingi kwa muda wa mwezi mmoja hata mitatu, na pengine zaidi. Dalili zikisha kuanza kwa mtu, karibu hakuna aponaye. Lakini kabla ya dalili kuanza ugonjwa huzuilika kwa hakika, ikiwa mtu hachelewi.

Jeraha lioshwe mara hiyo hiyo kwa sabuni na maji mengi yanayomiminika, kwa muda wa dakika 15 kamili. Lisipakwe majani, pilipili, mafuta wala udongo. Kisha mtu aende hospitali siku ile ile. Huko atapewa chanjo, ambayo hurudiwa kwa siku zilizopangwa, na pengine dawa nyingine ichomwayo kuzunguka jeraha lenyewe. Watu wengine huogopa kwenda kwa kuwa wamesikia habari za sindano nyingi za tumboni. Hizo zilikuwa za zamani. Siku hizi chanjo huchomwa begani, na kwa mtoto mdogo huchomwa pajani. Asiache katikati kwa sababu jeraha limepona juu.

Wazazi na wakumbuke neno moja zaidi. Mtoto aliyeumwa akicheza na mbwa aliyekatazwa huficha jeraha kwa kuogopa fimbo. Yafaa kila mtoto aambiwe mapema kwamba akiumwa au kukwaruzwa aseme mara moja, na kwamba hatapigwa. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba kati ya watu 100 waumwao na wanyama washukiwao kuwa na kichaa, 40 hivi ni watoto walio chini ya miaka 15.

CHANJO HUJA KABLA YA MENO KUNG'OKA

Kichaa cha mbwa si jambo geni katika Kenya. Kilithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa aliyekuwa karibu na Nairobi. Dawa yake ilikuwa imekwisha kujulikana wakati huo, kwa kuwa Louis Pasteur wa Ufaransa alimchanja mtoto wa kwanza, Joseph Meister, tarehe 6 Julai 1885. Hata hivyo ugonjwa ungali ukiua. Inakadiriwa kwamba watu 59,000 hivi hufa kwao kila mwaka duniani, wengi wao katika Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Mwaka 2014 Serikali ya Kenya ilitoa mpango wa kukomesha vifo hivi vya watu ifikapo mwaka 2030.

Mpango huo umejengwa juu ya hesabu moja. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita kutoka mbwa hadi mbwa, nao hufa. Ugumu wake ni kwamba hesabu hiyo haikai mahali pamoja. Mbwa wakubwa waliochanjwa hufa au hupotea, na watoto wasiochanjwa huzaliwa kila mwezi. Kijiji kilichofikia 70 mwaka huu huwa kimeshuka mwaka ujao, ikiwa hakuna aliyewakumbuka wadogo. Basi yule mbwa mchanga anayetafuna kiatu uani ndiye pengo lenyewe katika ukuta.

Kwa desturi mbwa huchanjwa kichaa afikapo miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka. Hapo ndipo palipo na maana ya kuijua kalenda ya meno. Mwezi wa tatu ndio mwezi ambao meno ya kwanza yanakaribia kulegea, na tangu hapo mbwa atamwuma kila mtu wa nyumba ile kwa mchezo na kwa maumivu, kwa muda wa miezi minne. Chanjo ikitolewa mwanzoni mwa muda huo, mikwaruzo yote ifuatayo huwa na hatari ndogo. Ikingojewa mpaka mbwa awe mkubwa, watoto wa nyumba huwa wamepitia miezi ya kuumwa kuliko yote bila kinga.

Tena, watu wa chanjo wapitapo vijijini, watu wengi huwapeleka mbwa wakubwa na kuwaacha watoto wa mbwa nyumbani, wakidhani kwamba ni wadogo mno. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba katika kampeni za namna hiyo wachanjwe mbwa wote, hata walio chini ya miezi mitatu. Mtoto wa mbwa huchukulika kikapuni au katika sanduku la karatasi. Aliyechanjwa kabla ya miezi mitatu achanjwe tena aipitapo, na mwenye mbwa aitunze hati ya chanjo pamoja na karatasi zake nyingine za nyumbani, maana ndiyo atakayoulizwa siku ambayo mbwa atamwuma mtu.

Tangu mwaka 2013 kazi ya mifugo imo mikononi mwa serikali za kaunti. Mwenye mbwa wa Kiminini, Endebess au Kitale mjini na aulize katika ofisi ya mifugo ya Trans Nzoia. Wa Kimilili, Webuye, Chwele au Bungoma mjini na aulize katika ofisi za kaunti yake. Na machifu na manaibu wao husaidia kutangaza siku za chanjo barazani. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa kila tarehe 28 Septemba, na mahali pengi chanjo hutolewa karibu na siku hiyo. Lakini mbwa aliyetimiza miezi mitatu mwezi wa Januari asiwekwe mpaka Septemba.

Mwenye kuleta nyumbani mtoto wa mbwa na aandike siku aliyozaliwa, hata kama ni juu ya ukuta wa jiko kwa makaa. Kwa siku hiyo moja atajua wakati wa dawa ya minyoo, wakati wa chanjo, wakati wa kumpa tambara la maji baridi, na wakati ambao udenda si wa meno tena.